Antena ya Kifaru cha Babu

Umati wa maonyesho ya vitu vya kuunda, mjini Shizuoka mwezi wa Mei, haumjui mkubwa wala mdogo. Chisato, msichana wa gauni la bluu na nywele zilizofungwa kwa utepe, alisukumwa, na kisanduku chake cha kifaru cha vita cha plastiki, cha kuunda, kikamwangukia kijana mmoja mguuni.

"Samahani, kaka!"

"Usijali, vidole ninavyo vingine tisa." Tatsunori akakiokota. "Lo! Dada unaunda vifaru?"

"Hata gundi sijui inafunguliwaje. Babu anafanyiwa sherehe ya kutimiza miaka themanini na minane, na kifaru cha aina hii alikiendesha vitani. Nataka akione tena."

Hapo Tatsunori alikwisha, asikudanganye mtu. Kila Jumapili kwa miezi miwili walikaa mezani kwake wakikata plastiki na kula oden, mayai na vipande vya samaki vilivyochemshwa katika mchuzi mweusi, mikono ikigusana makusudi.

"Mzinga umekaa upande, mpenzi."

"Wewe ndiye uliyekaa upande! Sogea huko."

Kilichowaponza ni antena, duara la waya linalozunguka kichwa cha kifaru. Babu alishasema chao hakikuwa nayo. Lakini Tatsunori alikuwa na vitabu kumi na vinne, na katika picha zote za kikosi cha babu antena ilikuwapo. Wiki ya sherehe akaibandika kimyakimya.

Chisato alipoiona, uso ulimbadilika. "Nani kakwambia uiweke?"

"Picha zipo, mpenzi. Mzee kasahau tu, miaka ni mingi."

"Babu yangu mwongo, vitabu vyako ndivyo vyenye akili? Haya, lala navyo!"

Akaondoka. Tatsunori alipiga simu mara ishirini, haikupokelewa hata moja.

Siku ya tatu akakibeba kifaru mpaka kwa babu Kinjiro, aliyekuwa akijaribu kizibao cha rangi ya dhahabu wanachovaa wazee wa umri huo kwenye sherehe yao. Mzee akaigusa antena, akacheka mpaka akakohoa.

"Kilitoka nayo kiwandani, mjukuu wangu. Picha hizo zilipigwa kabla hatujapelekwa vitani. Kule adui akiiona anajua mkubwa yumo, anaanza na wewe. Tukaikata kwa msumeno." Kicheko kikamwisha. "Rafiki yangu Isaburo alikataa kuikata ya kwake."

Tatsunori aliona aibu hadi masikioni. Safari hii Chisato alipokea simu.

"Usikate, tafadhali. Nimekosa. Ningeuliza kwanza, ndipo nifungue kitabu."

"Uko wapi?"

"Kwa babu yako. Tunaikata antena. Msumeno anao yeye, mimi nashika tu."

Chisato akacheka huku analia. "Mjinga wewe. Nimekukumbuka."

"Kuna jingine. Nimemwambia nataka kukuoa."

"Ee! Kasemaje?"

"Kasema jibu la hilo yeye hana, nikuulize mwenyewe. Ndiyo nakuuliza."

Kisha ukasikika simuni mlango ukifungwa na hatua zikishuka ngazi mbiombio.

"Uliza tena nikifika," alisema Chisato.