Mgeni Aliyewalilia Wafu Wetu

Majirani zangu wa Hinokizaka, na ninyi mtakaosoma haya mkiwa mbali, nitegeeni sikio. Mimi ni Yasuyo, msusi. Miaka nenda miaka rudi nimekuwa nikiwaosha na kuwapaka rangi nywele wanawake wa mtaa huu, na mtu ukishamshika kichwa, mdomo wake hufunguka wenyewe. Nilidhani hakuna siri ya hapa isiyopitia kwenye beseni langu. Yaliyompata Bi Fusae yamenitia adabu, na mpaka leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

Duka la achari la Bi Fusae linatazamana na saluni yangu. Baridi ikianza, asubuhi utamkuta ameshatundika figili zake chini ya upenu, nyeupe pe, na harufu ya chumvi na pumba za mchele imejaa njia nzima. Kabla hajafungua duka hupiga magoti mbele ya kijikabati cha kumkumbukia marehemu mumewe, Tatsuo, akamwekea kikombe cha chai na wali wa moto, kisha akampa habari za mtaa.

"Figili za mwaka huu zina maji mengi, baba," namsikia akimwambia. "Na Yasuyo hapo mbele amenenepa tena."

"Mwambie ukweli wote," namjibu kutoka mlangoni kwangu. "Mwambie na wewe umezeeka, asije akashindwa kukutambua siku mkikutana."

Watoto hawakujaaliwa. Nyumba ile, duka chini na vyumba viwili juu, ndiyo pekee aliyoachiwa, na ndani yake ndimo anamoishi na kumzungumzisha mumewe. Mkijua hilo mtaelewa kwa nini nimeshika kalamu.

Asubuhi moja akaja mtu amevaa suti nyeusi, mkononi boksi la vitamutamu lililofungwa vizuri. Yaliyosemwa alinisimulia Bi Fusae mwenyewe baadaye.

"Samahani, mama. Naitwa Nezu. Marehemu alinitendea wema zamani sana, na habari za msiba nimezipata nimechelewa. Naomba nimwashie ubani."

Kwetu mtu akiomba kumwashia marehemu wako ubani, huulizi maswali. Unamkaribisha, unamwekea mto wa kukalia, unabandika maji ya chai. Kumkatalia ni kumkatalia marehemu. Basi Nezu akapiga magoti, akawasha kijiti, akainamisha kichwa mpaka karibu na mkeka, akalia. Tena machozi ya kweli, yanadondoka. Bi Fusae naye yakamtoka, maana tangu mazishi hakuna mwanamume aliyekuwa amemlilia Tatsuo namna ile.

Wakati wa kuagana Bi Fusae akafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Alitia yen elfu tatu kwenye bahasha, nauli ya mgeni aliyetoka mbali. Nezu akakataa. Akasukumiwa tena, akakataa tena. Mara ya tatu akaipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

"Ila mama, ofisi yetu ni kali," akasema. "Nikipokea hata pipi lazima nikate risiti. Nigongee muhuri wako hapa tu, nisije nikafukuzwa kazi."

Miwani ya Bi Fusae ilikuwa jikoni, na kumsimamisha mgeni mlangoni ni utovu wa adabu. Akagonga muhuri wa jina lake, ambao kwetu ndio saini.

Sitawaficha. Karatasi ile ilisema kwamba mjane wa Tatsuo amelipa sehemu ya deni la marehemu mumewe. Ile nauli iligeuzwa malipo palepale, chai ikiwa bado ya moto. Nezu hakuwahi kumwona Tatsuo hata siku moja. Alikuwa akifanyia kazi kampuni inayonunua madeni ya zamani kwa bei ya kutupa, kisha inawasaka wa kuyalipa. Ni kweli Tatsuo alikuwa amekopa, zamani, wakati wa kununua friji kubwa la dukani. Biashara iliyumba, waliomkopesha wakanyamaza miaka na miaka, na yeye akafa hata halikumbuki tena deni hilo.

Wiki iliyofuata Nezu akarudi, na safari hii hakugusa ubani.

"Mama, umeanza kulipa, na nakupongeza. Sasa tulimalize."

"Kulipa nini, mwanangu? Mimi nilikupa nauli."

"Muhuri wako huu hapa. Na riba inapanda kila siku. Deni limeshapita yen milioni nne."

Bi Fusae akakaa chini. Nezu akampigia magoti kwa upole kabisa, kama mtoto anayemuuguza mama yake.

"Sikutaka kukuambia haya. Mtu akifa na deni, roho yake haitulii. Na ofisi ikichoka, polisi watakuja hapa, mchana, watu wote wakitazama. Wabebaji watatoa kila kitu nje, hata hiki kijikabati. Mimi nataka kukulinda. Tuyamalize kimya kimya, mimi na wewe. Usimwambie mtu. Heshima yako ni heshima ya marehemu."

Mimi huwa nashangaa uwezo wa mtu huyu, na siogopi kusema hivyo. Mwizi wa kawaida huja na rungu. Huyu alikuja na adabu zetu wenyewe, akazipanga moja juu ya nyingine mpaka zikawa kuta, na Bi Fusae yumo ndani.

Akaanza kulipa. Akiba ya mazishi yake ikaenda, kisha pete, kisha kimono ya arusi. Kwangu akaacha kuja, nywele zikamjaa mvi mpaka mabegani. Nikamuuliza, "Mwenzangu, unaumwa?" Akasema ni baridi. Huku nyuma Nezu akaanza kupita kwetu majirani, boksi la vitamutamu mkononi.

"Bi Fusae hajambo lakini?" aliniuliza mlangoni. "Nina wasiwasi naye kidogo." Akashusha pumzi, akaenda zake.

Hakutaja deni, ila maneno yalishaenea. Watu wakaanza kununua achari dukani kwake bila kumtazama machoni. Naye Bi Fusae alielewa kwamba Nezu anaweza kumaliza ile sentensi siku yoyote apendayo.

Mwisho akamletea karatasi za kuuza nyumba. Mnunuzi alikuwa tayari, bei ya kuokota. "Jumanne nakuja na kalamu, mama. Utapumzika."

Jumapili kabla ya Jumanne hiyo ilikuwa siku ya mtaa kuzibua mitaro. Wote hutoka, kila nyumba na koleo lake, tope mpaka magotini, tukitaniana. Bi Fusae alikuja akashika koleo kama wenzake. Kisha akasimama katikati ya mtaro akaliegemea.

"Majirani," akasema, "nadaiwa."

Msilicheke neno hilo. Kwetu mtu huvunjikiwa na nyumba nzima na bado asubuhi akakusalimia kwa tabasamu akizungumzia mvua. Nimeishi hapa tangu kuzaliwa, na sijawahi kumsikia mtu akisema aibu yake hadharani. Makoleo yote yalitulia.

Akaeleza yote bila kuacha kitu. Ubani, machozi, bahasha, muhuri. Mzee Iwao, muuza mchele, mtu mkavu ambaye hata kwenye mazishi ya mkewe hakusema maneno matatu, akaweka koleo lake chini.

"Suti nyeusi?" akauliza. "Analia mpaka anashika mkeka?"

"Huyo huyo, mzee."

"Kwangu alimlilia mke wangu. Namlipa tangu majira ya maua."

Kisha mama mmoja upande wa pili akanyoosha mkono. Kisha mwingine. Jamani! Mtu mmoja alikuwa amewalilia wafu wa mtaa mzima, nyumba baada ya nyumba, na kila mmoja wetu aliamini yu peke yake. Mimi msusi, ninayejua nani kapaka rangi na nani kazaliwa hivyo, sikujua kitu.

Ndipo Mzee Iwao akageuka kutazama uwanja wa kuegesha magari karibu na duka lake, palipokuwa na nyumba ya Bi Mitsue. Mama huyo aliuza mwaka uliopita akatuambia anahamia karibu na mpwa wake, amechoka na ngazi. Tulimpikia wali wa maharage mekundu, wa sherehe, tukampongeza.

"Na Mitsue je?" akasema Mzee Iwao. Tukageuka wote kutazama uwanja ule.

Kesho yake tukaenda ukumbi wa mji, anakokaa wakili wa kushauri watu bure. Ni mwanamke aitwaye Shinohara, mdogo kwa umbo, anasema polepole.

"Deni nalo lina umri," alituambia. "Mdai akikaa miaka mingi hadai wala haendi mahakamani, linazeeka. Mdaiwa akisema rasmi kwamba muda wake umepita, limekufa. La Bwana Tatsuo lilishafikia hapo."

"Sasa kama limekufa huyu anadai nini?" nikauliza.

"Alikuwa analifufua. Ukilipa hata kidogo, au ukikiri kwamba unadaiwa, linaweza kuhesabiwa upya kana kwamba ni la jana. Ndiyo maana aliitaka nauli. Milioni hakuwa na haja nazo siku ile."

Nilimtazama Bi Fusae, naye akanitazama. Yen elfu tatu, bei ya kukata nywele kwangu, zimemfufua maiti. Sijawahi kuogopa pesa kama nilivyoziogopa siku ile.

"Na polisi?" Bi Fusae akauliza.

"Polisi hawamkamati mtu kwa deni, mama. Kukutishia hivyo ni kosa lake. Kupita kwa majirani akikutajataja ni kosa lake jingine."

Jumanne Nezu akaja na kalamu. Akavua viatu, akaingia, akakuta chumba kimejaa majirani, na wakili Shinohara kati yetu. Mzee Iwao amekaa mbele ya kijikabati, mikono kifuani.

"Karibu, bwana," nikamwambia. "Leo unamlilia nani? Tumekuletea leso."

Hakucheka. Wakili Shinohara akamwomba kitambulisho, jina la kampuni, na uthibitisho wa deni kwa maandishi. Nezu akasema haya ni mambo ya faragha kati yake na mama.

Bi Fusae akamjibu mwenyewe. "Faragha imekwisha, mwanangu. Silipi, sisaini, na deni hilo muda wake umepita. Ukiwa na neno, lipeleke mahakamani."

Mgongo aliunyoosha namna ambayo sijaiona tangu ujana wake. Nezu akarudi kwenye viatu vyake akavivaa harakaharaka, kimoja akakikanyaga kisigino.

Kampuni ilienda mahakamani kweli, na ule muhuri ikauweka mbele. Lakini majirani walipanda kizimbani mmoja mmoja wakasimulia kisa kilekile, mpaka namna machozi yalivyodondoka. Hakimu alisema malipo yaliyotolewa kwa hila na vitisho hayamfungi mjane. Nyumba ikabaki. Pete na kimono havikurudi.

Baada ya hukumu tulipanda treni, mimi na Bi Fusae, kwenda kumwona Bi Mitsue. Anaishi chumba kimoja, ghorofa ya nne, na ngazi ndizo hizo alizotuambia amezichoka. Bi Fusae akamweleza kila kitu. Mitsue alisikiliza akiwa ameshika kikombe, chai hainywi.

"Kwa hiyo ningesema tu?" akauliza.

"Ungesema tu, dada."

Akakiweka kikombe chini. "Siku ile mnaniaga," akasema, "nilisimama niwaambie habari za Nezu. Nilishafungua mdomo. Mkaanza kupiga makofi."

Tulikaa naye mpaka jioni.

FUNZO

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nami sipingi. Umekopa, lipa. Lakini kwanza ujue unamlipa nani, na deni gani. Anayekudai kwa haki hatachukia ukimwambia alete ushahidi wa maandishi, aondoke, usome ukiwa na miwani yako na mtu unayemwamini. Usimpe chochote mlangoni, hata kidogo, hata kwa heshima, wala usiweke saini au muhuri ili kumridhisha mtu anayesubiri. Deni la marehemu, na deni la miaka mingi, kamwulize kwanza mwanasheria, maana kila nchi ina sheria yake na huenda huna unachodaiwa. Akikutajia polisi, au aibu, au roho ya mpendwa wako, ujue hoja zimemwishia.

Na akikwambia usimwambie mtu, toka nje ukawaambie majirani siku hiyohiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi tunaobaki kusikiliza, mwenzetu akituaga kwa furaha, tuketi naye kidogo kabla ya kumpigia makofi.