Mama Thérèse Huonja Kwanza

Simu ilitetemeka mara tatu mfukoni, ikanyamaza, ikatetemeka tena mara moja.

Capitoline alisimama katikati ya barabara, kreti ya fanta mikononi. Robot, yaani taa ya barabarani, ilikuwa kijani upande wa magari. Dereva wa teksi alimpigia honi na kumtupia tusi la Kizulu. Hakusikia.

Mtetemo wa namna ile ulikuwa na maana moja tu. Pokea sasa hivi, hata kama unazikwa.

Alivuka, akaweka kreti juu ya ukuta wa saluni, akabandika simu sikioni.

"Bandari hapa," ilisema sauti ya Naseeb, Mtanzania mpole aliyekuwa mkubwa wake katika Kitengo, idara ya siri ya serikali isiyo na kibao mlangoni. Bandari lilikuwa jina lake la kazi. "Uko wapi?"

"Queen Street. Mama amenituma soda."

"Nyigu yuko Johannesburg."

Capitoline aliibana simu sikioni.

"Ameingia jana kwa mpaka wa Msumbiji," Naseeb aliendelea. "Ana kichupa cha sumu. Tone moja chini ya ulimi, mtu anasinzia, pumzi inakata. Tumenasa simu ya waliomtuma. Wamesema ni leo, Kensington, kwa yule mama Mkongo."

Kwa yule mama Mkongo. Kwa Mama Thérèse, ambako Kitengo kilimpandikiza Capitoline kama mfanyakazi.

Hakuna mtu wa Kitengo aliyewahi kuuona uso wa Nyigu. Walijua mambo mawili tu: kwamba alizaliwa Uvira, pembeni mwa Ziwa Tanganyika, na kwamba lafudhi alibadilisha kama shati. Waliomtuma walijulikana zaidi. Ilikuwa kampuni kubwa ya ng'ambo iliyotaka biashara yote ya dawa za bangi iwe yake peke yake. Wagonjwa wakifa kwa mafuta ya mkulima mmoja mdogo, serikali ingefunga leseni zote ndogo kwa hofu. Ingebaki kampuni kubwa peke yake, na njaa yake.

"Nani yuko pale sasa?" Naseeb aliuliza.

"Wawili. Mkaguzi wa leseni, anajiita Steve, anasema ni mtu wa nchi hii hii, wa Polokwane. Na dereva aliyekuja kuchukua mafuta ya hospitali ya wagonjwa mahututi. Wote wageni kwangu. Dereva wa kawaida anaumwa."

"Mmoja wao ni Nyigu. Mtambue. Usimwambie mama, uso wake utatutoa. Nyigu akitoroka leo, kesho atakuwa kwa mkulima mwingine."

"Mzee, mama huonja. Kila mkupuo wa mafuta, mbele ya mnunuzi. Yeye ndiye wa kwanza."

Naseeb alimuuliza mtu pembeni kuhusu magari, akarudi.

"Basi mtambue haraka. Vijana wanatoka Doornfontein, lakini robot zimezimika huko. Magari yamekwama."

Simu ikakatika.

Aliogopa. Tusimpambe, alikuwa jasusi mzoefu na aliogopa mpaka mate yakamkauka. Alikuwa amewahi kuvizia majambazi wa bunduki Hillbrow bila kutokwa na jasho, lakini wale hawakuwa wamempikia sombe, kisamvu cha Kikongo, kila Jumapili kama mama huyu. Alinyanyua kreti na kupanda mlima. Chupa ziligongana njia nzima.

Mama Thérèse wa Bukavu alikuwa na nyumba ya matofali mekundu, na nyuma yake gereji aliyoigeuza kiwanda. Sheria mpya ilimruhusu mtu mzima kukuza bangi yake na kuivuta kwake. Kuiuza ilikuwa habari nyingine kabisa. Thérèse alihangaika na maofisi mpaka akapata leseni ndogo ya kukuza na kukamua mafuta ya dawa, akadhani sasa atapumua. Wapi! Benki ilifunga akaunti yake iliposikia neno bangi. Leseni ilidai kamera, uzio wa umeme na mlinzi wa mchana na usiku, na mshahara wa mlinzi ulimshinda. Polisi wasiojua sheria walimkamatia mzigo barabarani, na ulipotoka kituoni ulikuwa umeota ukungu. Kanisani, wenzake walihama benchi alipokaa.

Bado aliamka kila alfajiri, akavaa ovaroli nyeupe, akaomba, akafanya kazi.

Na alionja. Huko kwao, kuanzia Bukavu kushuka mpaka Bujumbura, sumu inaogopwa kuliko risasi. Mgeni hali wala hanywi kitu kilichofunguliwa jikoni. Chupa inafunguliwa mbele ya macho yake, na aliyeileta anapiga funda la kwanza. Ndiyo heshima, ndiyo usalama. Thérèse aliuhamisha utaratibu huo na kuuingiza kwenye biashara yake: kila mkupuo wa mafuta, tone la kwanza lilikuwa lake. Wateja walimpenda kwa hilo.

Nyigu naye alikuwa mtoto wa kule kule.

Wazo hilo lilimjia Capitoline getini, akasimama sekunde moja, mkono kwenye komeo.

Mtoto wa kule kule.

Aliingia.

"Ile fanta uliiendea mpaka Bujumbura?" Mama Thérèse alimpokea kwa sauti ya juu, mikono kiunoni. "Bageni banangojea, na miye napiga hadithi za bure tu!"

"Foleni, mama. Nisamehe."

Chumba cha kujazia kilikuwa kidogo na kisafi. Juu ya meza ya chuma zilipangwa chupa ndogo za kahawia, tayari kwa safari. Steve mkaguzi alikaa upande mmoja: suti ya kijivu, kitambulisho shingoni, mkoba wa ngozi. Dereva alikaa upande wa pili, kijana mnene mwenye kofia ya Kaizer Chiefs, akichezea funguo. Wote wawili walikuwa wamebaki na zile chupa wakati Thérèse alipokwenda kujibu simu ya hospitali. Alisema mwenyewe, bila kuulizwa, akicheka.

"Sasa tumalize," Thérèse alisema. "Ninaonja, bwana dereva anabeba, bwana mkaguzi anaandika."

"Soda kwanza, mama," Capitoline alisema haraka. "Wageni wamekauka."

Aliacha kreti sakafuni, akachukua chupa mbili, akaenda jikoni. Alizifungua huko huko, nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna aliyeona. Vizibo viligonga sinki.  Kwenye ugoko wa kulia, chini ya ovaroli, bastola ndogo, Beretta, ilimkandamiza mfupa.

Alirudi, akaweka chupa moja mbele ya kila mgeni.

Dereva hakusubiri hata kukaribishwa. Aliigugumia nusu nzima, akabeua, akaomba radhi kwa Kizulu.

Steve alisema asante kwa Kiingereza safi cha hapa, "eish" ya mshangao na "sisi" ya kumwita dada vikiwa mahali pake. Akaisogeza chupa kando kidogo.

Hakuinywa.

Capitoline alimwomba Mungu atulize moyo wake. Huenda hapendi machungwa. Huenda ana kisukari. Watu hawakamatwi kwa kuacha soda.

"Imeshika joto hiyo," alisema naye kwa Kiingereza. "Ngoja nikupe ya baridi."

Alitoa chupa nyingine kwenye kreti, imefungwa, akasimama mbele yake na kifungulio. Macho ya Steve yalishuka kwenye kizibo. Kizibo kikaruka. Akamnyooshea.

Mkono wa Steve haukuja.

Alitabasamu, akangoja. Alimwangalia mdomoni kama mgeni aliyelelewa vizuri Uvira, anayempa mwenyeji nafasi yake.

Capitoline aliinua chupa, akapiga funda, akafuta midomo kwa kiganja.

Ndipo Steve wa Polokwane alipoipokea, akanywa kwa kiu mpaka nusu.

Ndiye.

Chupa ilikuwa bado mdomoni mwake alipogundua alichokifanya. Macho yao yalikutana juu ya kioo. Upande wa pili wa meza, Mama Thérèse alikuwa ameshafungua chupa ya kahawia, amevuta tone kwenye kitonea, ameinua ulimi.

"Mama, hapana!"

Capitoline alijitupa juu ya meza. Kitonea kiliruka, tone likaangukia chuma. Chupa za kahawia zilivingirika sakafuni. Steve alichomoa Glock yenye kizuia sauti kutoka kwenye mkoba, risasi ikapita karibu na sikio la Capitoline na kupasua kamera ukutani. Dereva alitoka mbio akiacha kofia, funguo na kiatu kimoja.

Capitoline alipoinua kichwa, Nyigu alikuwa amemkaba Thérèse na kumburuta kinyumenyume kupitia mlango wa nyuma. Alidhani unatokea nje.

Ulikuwa mlango wa chumba cha maua.

Ukafungwa. Ikabaki harufu kali ya bangi mbichi na chupa moja iliyoendelea kuzunguka sakafuni.

"Bandari," Capitoline alinong'ona kwenye simu. "Ni mkaguzi. Amemshika mama. Vijana wako wapi?"

"Bado. Usiingie peke yako."

Aliingia.

Humo mchana ulikuwa usiku. Mimea ya Thérèse iliwashiwa taa saa za baridi na kulazwa gizani saa za joto, na wakati wa kulala hakuna aliyeruhusiwa kuimulika. Bangi inayotoa maua ikishtuliwa usingizini huingia wazimu, inazaa mbegu, na mbegu hazina mafuta wala mnunuzi. Wafanyakazi walivaa kitaa cha kijani kichwani, mwanga ambao mimea haiujali. Kitaa chake kilikuwa jikoni.

Alitambaa kwa magoti. Majani yalimgusa uso. Feni ilikoroma mahali fulani juu.  Alitaka kurudi nje, na alijionea aibu kwa kutaka hivyo.

"Simama hapo hapo, dada," ilisema sauti gizani, kwa Kiswahili cha Uvira sasa. "Nikisikia hatua moja tena, mama huyu anakufa."

"Nyumba imezungukwa," Capitoline alidanganya.

"Ungekuwa na watu, usingeingia wewe."

Alikuwa sahihi, shetani yule. Capitoline alirudi nyuma taratibu mpaka bega likagusa ukuta. Vidole vikapapasa. Swichi kuu, kubwa kama kiganja, taa zote kwa pamoja.

Vidole vilisita. Mazao yote ya msimu yalikuwa humo. Thérèse hakuwa na akiba wala benki ya kumkopesha.

"Washa, mutoto!" Sauti ya Thérèse ilitoka ikikwaruza, kama ya mtu aliyebanwa koo. "Nimefunga macho! Washa yote!"

Capitoline alifumba macho, akapiga swichi.

Jua liliingia chumbani. Hata kupitia kope aliliona. Nyigu alipiga ukelele, Glock ikakohoa mara mbili kwenye dari. Thérèse alimng'ata mkono kwa meno yake yote, akajitupa chini katikati ya vyungu. Capitoline alifungua macho akiwa na machozi tele, akaona suti ya kijivu ikiyumba kati ya maua, mkono mmoja usoni.

Alifyatua mara moja.

Risasi ilimpata Nyigu begani. Bastola ilianguka, naye akaifuata. Capitoline alimwekea goti mgongoni na kumfunga mikono kwa kamba ya kufungia mimea, akairudia kamba mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Vijana wa Kitengo walifika mambo yamekwisha, kama kawaida yao. Walimbeba Nyigu, wakakusanya chupa za kahawia kwa glavu, wakamkuta dereva amejificha nyuma ya pipa la taka la jirani.

Mama Thérèse alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na alama nyekundu shingoni. Aliitazama ile Beretta, kisha simu, kisha msichana aliyemfundisha kubandika lebo tangu baridi ya mwaka jana.

"Weye ni nani?"

"Wa serikali, mama."

"Ulijua ile mafuta iko na sumu?"

Capitoline angeweza kudanganya. Ndiyo kazi yake, na aliifanya vizuri.

"Nilijua."

"Nikafungua chupa, unaniangalia."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa natafuta ni nani kati yao. Niliogopa sana."

"Miye ningekufa?"

"Ungeweza kufa."

Thérèse aliitikia kwa kichwa, polepole. Hakulia.

"Nilikuwa nakuita mutoto wangu," alisema. "Toka kwangu."

Nje, kijana wa Kitengo alikuwa akivuta utepe wa njano kwenye geti. Capitoline alimpita, akapiga simu.

"Kazi safi," Naseeb alisema. "Nyigu ameanza kuzungumza. Wakubwa wamefurahi."

"Huu utepe wa nini?"

"Uchunguzi. Leseni inasimama mpaka uishe. Miezi kadhaa, unaijua serikali."

"Mzee, akifungiwa kazi miezi kadhaa amekwisha. Nyigu atakuwa ameshinda akiwa jela."

"Sheria ndiyo hiyo, Capitoline."

"Shahidi wako ni nani mahakamani?"

"Wewe."

"Basi kiwanda cha mama kikifungwa, macho yangu hayakuona kitu. Kulikuwa na giza humo ndani."



"Unanitisha?"

"Nakuomba, Mzee. Kwa heshima zote."

Naseeb alishusha pumzi. "Utepe utatoka leo. Mimea itapimwa, atafidiwa. Sitaki kusikia tena habari hii."

"Sharp," alikubali kwa lugha ya mjini.

Alikata simu. Alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaitundika kwenye geti. Akatia mikono mifukoni. Akateremka mlima kuelekea Queen Street kwa mwendo wa mtu asiye na haraka wala deni. Teksi ilipotokea alitoa mkono mmoja, akanyoosha kidole cha shahada juu, ishara ya kwenda mjini.

Quantum nyeupe, basi dogo la abiria, ikasimama. Kabla mlango haujafungwa, alimsikia Mama Thérèse huko juu akiwafokea vijana wa Kitengo wavue viatu kabla ya kukanyaga kiwandani kwake.