Usimsukume Kobe Baharini

Roselyne alikuwa mfagiaji wa ufuo wa hoteli moja huko Dubai. Kila alfajiri basi la kampuni lilimchukua mtaa wa Rashidiya, alikokuwa akiishi chumba kimoja na mumewe, Shem. Akifika kazini alivaa glavu, akashika reki, akakusanya mwani na chupa zilizotemwa na bahari. Alitaka wageni wakiamka wakute mchanga safi.

Kazi hiyo aliipenda. Kwao ni Vihiga, Kenya, mbali kabisa na bahari. Mara nyingi alimpigia simu mwanawe Nickson, aliyebaki kwa nyanya yake, akamwonyesha mawimbi.

Kisha ikaja ile miezi ambayo baridi huanza kuondoka. Ndani ya mwani Roselyne akaanza kukuta kobe wa baharini. Walikuwa wadogo, wengine hawazidi ukubwa wa sahani, na wote wamekufa. Shingo zilikuwa zimelegea. Juu ya magamba yao kulikuwa na makombe madogo meupe, yameng'ang'ania kama yaliyobandikwa kwa gundi.

"Watie kwenye mfuko wa taka, yalla, haraka," alisema Waleed, msimamizi wake, mzaliwa wa Zanzibar. "Wageni wasije wakaona."

Roselyne akawatia kwenye mfuko mweusi. Kesho yake akatia wengine. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, hata chakula kikamshinda.

"Baba Nickson, mimi sasa ni mzoa maiti," alimwambia mumewe. "Aki, ningeona hata mmoja tu anaondoka pale akiwa mzima, moyo wangu ungetulia."

"Si ni kobe tu, Mama Nickson."

"Ni kobe tu. Lakini anayewafunga kwenye takataka ni mimi."

Shem alijinyoosha kitandani. Alikuwa amebeba makatoni ghalani kutwa nzima, na mgongo ulimuuma.

Asubuhi moja reki ilimgusa kobe, na kobe akainua kichwa. Roselyne nusura aruke kwa furaha. Alimpigia Shem simu ya video papo hapo.

"Baba Nickson, tazama! Huyu anapumua!"

"Mrudishe kwao!" Shem alisema kwa haraka. "Huyo ni wa maji, atakauka hapo!"

Mrudishe kwao. Watu wawili walio mbali na kwao wangewaza nini kingine? Roselyne alimbeba kobe kwa mikono miwili, akaingia majini mpaka magotini, akamsukuma taratibu. "Nenda, mwanangu," alimwambia. "Nenda kwa mama yako." Kobe akaelea kidogo, akapotea. Siku hiyo Roselyne alikula akashiba.

Kesho yake kobe yuleyule alikuwa kwenye mwani, amekufa. Roselyne alimjua kwa ufa uliokuwa pembeni mwa gamba lake.

Jioni alikaa kwenye ngazi za nyumba yao akalia bila kujificha. Nuwa, jirani yao kutoka Uganda, ndiyo kwanza alikuwa anatoka kazini. Alifanya kazi katika kituo cha kutibu wanyama wa baharini.

"Dada Roselyne, kuna msiba nyumbani?"

Roselyne akamsimulia yote. Nuwa akaketi kando yake.

"Nikikuambia ukweli utaumia zaidi."

"Niambie tu."

"Kobe yule hakuwa amepotea njia. Alikuwa mgonjwa. Maji yakiwa ya baridi, kobe wadogo wanaishiwa nguvu. Hawali, hawaogelei, wanaelea tu. Ndiyo maana yale makombe yanawaota. Halafu mawimbi yanawatupa ufuoni. Na kobe hapumui ndani ya maji, dada. Anapumua hewa, kama wewe. Akikosa nguvu ya kuinua kichwa, anazama."

"Kwa hiyo nilimzamisha."

"Hukujua."

"Nilimzamisha kwa mikono hii! Tena nikamwambia aende kwa mama yake!"

Shem alikuwa amesimama mlangoni. "Ni mimi niliyekuambia," alisema. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. "Sasa akikuta mwingine afanyeje, Nuwa?"

"Asimrudishe majini hata kidogo. Wala asimtie kwenye beseni la maji. Avae glavu, amweke kwenye boksi juu ya taulo, kivulini, mbali na watu na mbali na kiyoyozi. Asimlishe. Asibandue yale makombe, atamjeruhi. Kisha anipigie simu. Hata waliokufa anijulishe. Daktari wetu huwachunguza. Juzi alitoa vipande vya plastiki tumboni mwa mmoja."

"Na walio hai, wanapona?" aliuliza Roselyne.

"Baadhi yao. Wengi wanatufikia wamechelewa. Sitakudanganya."

Haikupita wiki, Roselyne akakuta mwingine. Macho yalikuwa nusu wazi, na koo lilichezacheza. Waleed alimwona.

"Yu hai? Mrushe majini, khalas, yaishe! Wageni wanashuka sasa hivi."

Roselyne hakuwa amewahi kumkatalia bosi, na kazi hiyo ndiyo iliyomweka Nickson shuleni.

"Hapana, sir. Tukimrusha atakufa. Kesho nitamzoa hapahapa, mbele ya wageni haohao."

Waleed alimtazama kobe, akaitazama njia ya wageni.

"Haya, mpeleke stoo ya miavuli. Lakini kazi ikilala, shauri yako."

Roselyne alimweka kobe kwenye boksi juu ya taulo, akampigia Nuwa. Gari la kituo likaja kumchukua.

Habari zilizofuata hazikuwa nzuri. "Hajala," alisema Nuwa. Siku nyingine alisema, "Wale walioletwa siku moja naye wamekufa wote." Roselyne akaacha kuuliza, maana aliogopa jibu. Huko ufuoni bado aliwakuta wafu. Sasa aliwaweka kwenye boksi lao, akampigia Nuwa simu. Plastiki aliiokota hata nje ya eneo lake, lakini kila asubuhi bahari ilileta nyingine. Alikata tamaa, na bado akaendelea kuokota.

Joto lilipokolea, Nuwa alibisha hodi. "Dada, kobe wako amepona, tunamwachilia kesho. Njooni."

Ilikuwa siku ya mapumziko, wakaenda wote wawili. Kobe alikuwa amenenepa na gamba lake linang'aa. Roselyne alipombeba, kobe alipiga mikono yake hewani kwa nguvu, kama makasia.

"Mweke mchangani, karibu na maji," alisema Nuwa.

Roselyne akamweka. Kobe akatulia tuli. Mikono ya Roselyne ilitaka kumsukuma, akaificha nyuma ya mgongo.

"Mbona haendi?" Shem alinong'ona.

"Mwache," alisema Roselyne.

Kobe akajikokota mwenyewe. Wimbi likamfikia, naye akaingia. Mbele kidogo kichwa kilichomoza, kikavuta hewa, kikazama tena. Roselyne aliwakumbuka wale wote wa mfuko mweusi, akalia.

Kesho yake alirudi kazini. Alipitisha reki kwenye mwani polepole, kutoka mwanzo wa ufuo hadi mwisho, akimtafuta kobe wa jana, kama bahari imemrudisha. Hakumkuta.