Ujumbe wa Nirjala Mbele ya Walimu Wote

"Nukta moja, tatu, nne," simu yangu ikasema.

Nilikuwa nimeinua kikombe cha chai katika chumba cha walimu. Shuleni kwetu Tansen, mji wa mlimani, tuko walimu watano, haoni hata mmoja, ila masikio tunayo ya kugawia jirani.

"Hiyo ni 'mimi'," akasema mwalimu Tikaram wa hesabu, na hakuna aliyemuuliza. Kwa lugha yetu neno hilo ni herufi moja tu.

"Nukta mbili, tatu, nne, tano. Nukta mbili, nne. Nukta moja, tatu, nne. Nukta tatu, tano."

"'Wewe'," akadakia dada Dilmaya wa muziki. "Mimi, halafu wewe. Yamlal, nani huyu?"

Jasho likanitoka. Nilimjua. Nirjala anaona, naye hufanya kazi chumba cha uchapaji, anaandaa vitabu vyetu vya nukta nundu. Alijua sivai visikilizio, simu yangu huropoka kila kitu hadharani. Basi akaandika kwa nukta zenyewe. Kompyuta hutunza kila umbo la nukta kwa namba yake, kama inavyotunza herufi yoyote, kwa hiyo hutumika kwenye simu bila shida. Baadaye aliniambia alizijaribu kwenye simu yake, sauti inayosoma ikaziruka kimya. Akaridhika kwamba nitazisoma kwa vidole, kwenye kifaa changu kinachoinua nukta. Maskini, simu yangu ni mpya, inataja nukta mojamoja.

Nikainyamazisha.

"Mbona umekata?" Tikaram akalalamika. "Tumeshafika 'Jumamosi'."

Habari ya Jumamosi shule nzima tuliijua. Wageni walikuwa wanakwenda kwa mama yake Nirjala kumposea kijana anayefanya kazi Qatar. Mimi nilimpenda Nirjala miaka miwili, nikameza maneno. Niliogopa watu waseme amenichukua kwa huruma.

"Yamlal mwanangu," mzee Tikaram akasema kwa upole, "mtoto wa kike ametangulia kusema. Wewe unaogopa simu?"

Nikaona haya, kisha nikaongeza sauti mpaka mwisho. Nukta zikamwagika, wenzangu wakaziunga, Dilmaya akaumalizia ujumbe: "'Kama unanitaka, njoo kwa mama kabla yao. Kama hunitaka, usinijibu. Nitaelewa.'"

Hakuna aliyecheka. Nikachukua fimbo yangu nikavuka uwanja. Nyuma nikasikia fimbo nyingine nne zikigonga mawe, nikaziacha zije.

Katika chumba cha uchapaji, mashine ilikuwa inatoboa karatasi kwa kelele. Nirjala akaizima.

"Umesoma?"

"Tumesoma."

"Mmesoma na nani?"

Mlangoni Tikaram akakohoa. Nirjala akakaa juu ya boksi la karatasi, akacheka mpaka akalia.

"Ninakutaka," nikamwambia. "Na hawa wasikie. Jumamosi nakuja."

Nilifika asubuhi mapema na mfuko wa machungwa. Nilijiandaa kujibu habari ya macho, lakini mama hakuyataja. Alinisifia nyumba ya ghorofa ya yule kijana kule Butwal bondeni, akaniuliza mimi nina nini. Nikasema nina mshahara wa ualimu, na binti yake ameniambia ananitaka.

Aliponijibu, sauti ilikuwa ndogo.

"Baba yake hayupo tena. Nikikupa huyu, mimi nabaki na nani?"

Kumbe hofu yake ndiyo hiyo, na mimi nilikuwa nimeogopa jingine miaka miwili nzima.

"Mama, kwetu ni nyumba ya tatu kutoka hapa. Akinigombeza utamsikia ukiwa jikoni kwako."

"Atakugombeza sana huyu."

"Ameshaanza."

Mama akacheka. Akaingia ndani, akarudi na mchele mwekundu wa tika, alama ya baraka, akanibandika kwenye paji la uso. Kisha akaelekeza sauti kwa binti yake, niliyemsikia akijibanza nyuma ya pazia.

"Nirjala, wapigie simu wale wa Butwal. Waambie wasijichoshe kupanda mlima, mchumba ameshapatikana."