Nanasi la Safu Saba

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chiriku aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa nyuma ya kibanda cha mama yake na kuosha mananasi. Jina hilo alipewa mtaani, maana mdomo wake haukuwa na likizo. Rafiki yake Kobe, msichana mpole na mzito wa kila jambo, alikuwa akija kumsaidia. Kazi ilikwenda, na umbea nao ulikwenda.

Wiki hiyo walikuwa na zoezi la hesabu. Mwalimu aliwafundisha mfuatano wa namba: moja, moja, mbili, tatu, tano, nane, kumi na tatu, kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Alisema namba hizo hujitokeza kwenye maua mengi, na hata kwenye nanasi. Macho ya nanasi hujipanga kwa safu za mshazari, mara nyingi nane upande huu na kumi na tatu upande ule. Kila mmoja ahesabu mananasi kumi, aandike alichoona.

Chiriku alihesabu mawili, akachoka. Manane yaliyobaki akayajazia tu nane na kumi na tatu, huku akiwasimulia wateja nani kagombana na nani. Kobe alitia alama ya chaki kwenye kila safu. Alipofika nanasi la sita, akasita.

"Hili lina saba," alisema. "Na huku kumi na moja. Hebu hesabu na wewe."

Chiriku akapitisha kidole. Kweli, saba. Kumi na moja.

"Basi hili lina wazimu," alisema, wakacheka. Mama akalimenya, mteja akaondoka nalo.

Asubuhi mvua ilinyesha, darasa likawa giza. Mwalimu alisimama kwenye dawati la Kobe.

"Saba umeitoa wapi? Wenzako wote wameona nane."

"Ndivyo nilivyoona, Mwalimu. Chiriku naye alihesabu."

Darasa zima likamgeukia Chiriku. Akisema ndiyo, Mwalimu ataomba daftari lake, aone nanasi hilo halimo, na uongo wake utajulikana.

"Mimi sikuona," alisema.

"Kobe kahesabu gamba lake," mmoja akatania, kicheko kikazagaa. Mwalimu akakata jedwali la Kobe kwa wino mwekundu, akaandika: *Amebuni*.

Kobe hakulia. Alihamia dawati la nyuma, na kibandani hakuja tena. Siku tatu Chiriku aliosha mananasi peke yake, wala hakuwasimulia wateja lolote.

"Mbona redio imeishiwa betri?" mama aliuliza.

Chiriku akaeleza yote. Mama akaweka kisu chini.

"Nanasi lile nalikumbuka. Nikimenya huzifuata safu, na mkono wangu umeshazoea mizunguko minane. Lile liliisha mapema, nikashangaa. Habari ya nanasi naweza kumshuhudia mwenzako. Habari ya uongo wako, kaiseme mwenyewe."

Kesho yake Chiriku alisimama mbele ya darasa, akasema kila kitu, pamoja na aliyoyakumbuka mama. Mwalimu akalifungua daftari la Kobe, akaitazama ile alama ya wino mwekundu.

"Na mimi nimekosa," alisema hatimaye. "Niliwaambia 'mara nyingi', kisha nikamwadhibu aliyekutana na mara chache. Kobe, nisamehe."

Jedwali la Kobe likabandikwa ukutani. Chiriku akaamriwa kuanza upya.

Wakati wa mapumziko alimfuata Kobe. "Nisamehe, mwenzangu. Leo utakuja?"

"Nimekusamehe," Kobe alijibu bila kuinua macho. "Kuja, sijui."

Hakuja. Chiriku alihesabu mananasi kumi peke yake, na machozi yakamlengalenga.

"Mwanangu," mama alisema, "namba ukiikosea unafuta, unaandika nyingine. Rafiki uliyemkana mbele za watu hafutiki hivyo; utamrudisha pole pole, kwa ukweli wa kila siku. Ulichokiona kiseme, hata kama darasa zima limeona kingine."