Uzito wa Watu Wawili

JUMAPILI, SAA 2:00 ASUBUHI

"Mnada wa ng'ombe wa Dry Fork," Royce Haddock alisema, akichora kwa chaki juu ya benchi la kazi. "Saa tano mji mzima uko kanisani. Tunaingia nyuma, tunabeba sefu, tunatoka. Dakika kumi."

Walikuwa watatu katika chumba cha nyuma cha gereji: Royce, mwenye mpango, Twyla Stroud, fundi, mwenye gereji na pikapu, na Leland, binamu yake Twyla. Pikapu Twyla aliirithi kwa baba yake. Kadi ya gari ilikuwa na jina lake.

"Shida ni watu wa sherifu," Royce akaendelea. " Tangu nyaya za visima vya mafuta zianze kuibwa, pikapu yoyote iliyozama nyuma wanaisimamisha. Nataka ikibeba mzigo ikae sawa."

"Nitaishusha mbele. Nipe uzito."

"Sefu, ratili elfu moja. Mitungi ya gesi ya kukatia chuma. Watu wawili."

Twyla akainua uso. Wawili?

Akamtazama Leland. Leland alikuwa anakagua buti zake.

Twyla jela alishaionja. Safari hii wangemtupa ndani mpaka azeeke. Kukimbia nako hakukufaa, gari lenyewe lingemtaja.

"Sawa, bosi," akasema.

SAA 3:15

Akapiga jeki, akaingia uvunguni. Mbele palibebwa na vyuma viwili virefu vinavyojisokota, kila kimoja na bolti yake. Ukilegeza, pua inashuka. Ukikaza, inapanda. Royce alikuwa mtu wa mjini, hajawahi kuchafua mgongo chini ya gari.

Twyla akakaza. Mizunguko minane bolti ya kushoto, minane ya kulia. Akashusha jeki, akaisukuma pikapu mbele na nyuma itulie, akapima kwa futi.

Pikapu, ambayo kawaida ikiwa tupu huinamisha pua, sasa ilikaa sawa kama meza. Royce akaizunguka akipiga mluzi.

"Mikono yako ni dhahabu, dada."

"Najua."

SAA 5:12

Sefu ilipotua kwenye pikapu, nyuma ikadidimia na pua ikapanda.

"Twyla! Mbona hivi?"

"Ulisema dakika kumi, bosi. Zimebaki mbili."

Royce akatukana, akarukia usukani. "Kafunge mlango. Tunakungoja."

"Mtaningoja, Leland?"

Leland akashika mlango wa pikapu. "Nenda tu, binamu."

Akaenda, wala hakuharakisha. Injini ikanguruma kabla hajaufikia mlango. Moyo ulimuuma kwa ajili ya Leland, lakini hakugeuka.

SAA 5:31

Naibu sherifu Garza alimkuta mle mnadani, amekaa kwenye kiti cha dalali, miguu juu ya meza.

"Wenzako nimewafunga pingu. Wanasema kiongozi ni wewe."

"Na wewe unasemaje?"

"Kiongozi haachwi nyuma. Ila kituoni utakwenda." Garza akatikisa kichwa. "Pikapu nimeiona toka maili nzima, inanusa mawingu! Fundi gani bwege aliyeipanga vile?"

Twyla akasimama, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mimi. Na imekaa vilevile nilivyotaka."