Dawa Kwenye Mchicha

Duka la pembejeo lilifurika asubuhi hiyo, maana vifaranga vilikuwa vimefika na kila mtu alitaka awe wa kwanza. Kinyozi yeye aliingia kutafuta sumu ya mende, basi. Akakutana na binti wa gauni la manjano, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, anapigania njia ya kutoka huku amekumbatia boksi. Mara kitako cha boksi kikaachia.

"Msikanyage! Jamani, msisogeze miguu!"

Watu wazima wakasimama kama sanamu, vifaranga vikikatiza kati ya viatu vyao vikilia. Kinyozi akapiga magoti na suruali yake iliyonyooshwa, akazama chini ya kaunta, akaibuka na vifaranga mpaka kwenye mfuko wa shati.

"Unavishika vizuri," binti alisema, akihema. "Unafuga?"

Hapo ndipo angesema hapana. Lakini binti alikuwa na vishimo mashavuni, na ulimi wa mwanamume ukiona vishimo hauombi ruhusa.

"Mimi? Nimekulia bandani."

Uongo mtupu. Mtu huyu hajawahi kufuga hata ndevu.

Binti alikuwa fundi cherehani, akiishi na shangazi yake, mama ambaye sebule yake haikosi wageni. Nyuma ya nyumba binti alikuwa na matuta ya mchicha na spinachi, nyanya kwenye ndoo zilizotoboka, na banda la mabati na wavu. Kinyesi cha kuku alikianika kikakauka, kikakaa hadi kikaiva, ndipo akakipeleka kwenye matuta. Majani yaliyozidi yalirudi bandani. Jioni aliwafungulia kuku, wakaingia bustanini kudonoa wadudu. Dawa ya kupulizia haikuwahi kufika pale, na majirani walinunua mafungu ya mboga kwake kwa sababu hiyo tu.

Mapenzi yakashika kasi, simu haipoi.

"Kuku wangu mmoja amekataa kula," Fundi alimwambia siku moja.

"Mpe muda."

"Muda? Ndiyo dawa ya kwenu bandani?"

"Muda na mahaba."

Fundi akacheka mpaka simu ikakwaruza. Kinyozi akakata simu, akaanza kuwahoji wateja wake kuhusu magonjwa ya kuku.

Kisha Fundi akapata kazi ya kupeleka sare za shule mji wa jirani, alale huko. Akamkabidhi Kinyozi ufunguo wa geti la uani.

"Mwagilia, lisha kuku. Kingine usiguse, mtaalamu wangu."

Kinyozi alipoinama kumwagilia, akaona majani ya mchicha yamejikunja, na chini yake vidukari wamejazana. Angepiga simu aulize. Lakini aliyekulia bandani anaulizaje habari ya vidukari? Akakimbilia duka lile lile.

"Ukipuliza hii, mboga isiguswe wiki mbili," muuzaji alimwonya. "Na kuku wasikaribie."

Akapuliza. Kuku akawafungia, akawapa pumba humo humo. Shangazi hakuwepo, alikuwa kwenye maongezi yake mtaa wa pili. Kinyozi akajipa moyo: mwenyewe atarudi kesho jioni, nitampokea stendi, nitamweleza uso kwa uso. Maneno ya kumweleza bado alikuwa anayatafuta.

Siku ya pili alikuwa amenyoa nusu ya kichwa cha dereva mmoja simu ilipoita.

"Mpenzi! Nimerudi mapema, nilipata lifti."

"Karibu, roho yangu."

"Bustani imependeza, jani halina mdudu! Shangazi amechuma, wageni wake wamejaa, sufuria iko jikoni. Na kuku nimewafungulia. Walivyokuwa na hamu, maskini!"

Mashine ikabaki inanguruma hewani. Kinyozi akaona mlango wa uongo mwingine umefunguka mbele yake, mpana kabisa. Aseme ameota ndoto mbaya. Aseme mchicha umeingia ugonjwa. Fundi angemcheka, angeosha majani mara mbili, na wageni wangekula.

"Fundi, nisikilize. Asile mtu. Nimepuliza dawa."

"Umepuliza nini?"

"Dawa ya wadudu. Jana. Toa hiyo sufuria, rudisha kuku ndani, nakuja."

Simu ikakatika.

"Na mimi?" dereva aliuliza, ameshika nusu ya kichwa isiyonyolewa.

"Vaa kofia, kaka!"

Alifika mbio, kamba ya kiatu imefunguka. Shangazi alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, wageni nyuma yake wamenyoosha shingo.

"Mkwe, kuna nini? Mwenzio kamwaga mboga yangu yote chooni, hasemi kitu!"

"Shangazi, kuna fungu lililotoka nje?"

"Moja. Nesi wa nyumba ya kona."

Kinyozi aligeuka bila kuaga. Kwa nesi mlango ulikuwa wazi, mezani sahani inafuka moshi, na baba yake nesi, mzee wa watu, ameinua kijiko.

"Babu, weka chini! Ina sumu!"

"Sumu ya nani?"

"Yangu mimi, babu. Umeshaonja?"

"Nilikuwa napuliza ipoe."

Nesi akamtazama Kinyozi, akaitazama sahani, akaichukua na kwenda kuimwaga. Aliporudi alisema neno moja tu: "Toka."

Uani, Fundi alikuwa amechuchumaa, kuku mwenye kishungi amelala mapajani mwake, shingo imepinda. Huyu alikuwa ameatamia. Alikuwa ameshuka kula haraka haraka arudi kwenye mayai. Pembeni, wengine wawili walikuwa wamenyoosha miguu.

"Ulisema umekulia bandani."

"Nimekulia ghorofa ya tatu. Kuku nilikuwa nakutana nao kwenye sahani."

Mgeni mmoja dirishani akaachia cheko, akafinywa akanyamaza. Fundi hakucheka.

"Ungesema hujui ningekufundisha. Ningefurahi hata. Kigumu kilikuwa kipi?"

"Niliogopa utaniona si kitu."

"Na sasa nakuonaje?"

Fundi akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo wangu. Nenda."

Siku zikapita, simu hazipokelewi. Shangazi ndiye aliyeingia saluni mchana mmoja, akajidai anapumzisha miguu.

"Mwenzio amekonda. Wewe nawe umekonda. Mnashindana?"

"Shangazi, nije?"

"Mimi? Mimi napita tu, mwanangu." Lakini hakuondoka. Akakaa na wateja, akawapa habari za mtaa mzima, mpaka simu ya Kinyozi ikaita.

"Yale mayai ya mwenye kishungi," Fundi alisema, salamu hakuna. "Nilimwekea kuku mwingine jioni ile ile. Lakini yalikuwa yameshapoa. Yanaweza kupona?"

Wateja walishatega masikio, kila mmoja na jibu lake mdomoni. Kinyozi angeweza kuazima lolote.

"Sijui."



"Umesemaje?"

"Sijui, Fundi. Sijui kabisa."

Akasikia pumzi ndefu upande wa pili. "Hata mimi sijui. Njoo unishikie tochi tuyamulike."

Stoo ilikuwa giza, wamefunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia. Fundi alikuwa na gauni la kazini, uzi mweupe umemganda begani. Yai la kwanza waliliangaza: jeupe, tupu. Akaliweka pembeni bila kusema. La pili, limechafuka kama maji ya tope. Likaenda pembeni. La tatu akalishika muda mrefu.

"Unaona nini?" Fundi aliuliza.

"Mishipa. Myembamba, miekundu. Na doa jeusi." Kinyozi akasogea. "Linacheza. Au ni mkono wangu unatetemeka?"

Fundi akaweka kiganja chake chini ya mkono wa Kinyozi ulioshika tochi, akautuliza. Doa likacheza tena.

"Si mkono wako," Fundi alisema, na kiganja hakukiondoa.

"Mbona kimya humo ndani?" sauti ya Shangazi ilipenya mlangoni.

"Tunaangalia mayai, Shangazi!"

"Haya. Msiharakishe."